Namna ya Kupima Toni Unapoandika Kitabu cha Ushauri Kuhusu Njia Zisizozoeleka za Mafanikio

Kitabu kinachomshauri mtu aache chuo, ajiajiri kwa mtaji mdogo au abadilishe taaluma akiwa na miaka 45 kinamtaka afanye jambo ambalo mara nyingi wazazi, walimu na waajiri wake wanalipinga. Kwa kuwa karibu naye hakuna aliyeipita njia hiyo wa kumwuliza, msomaji huupima ushauri kwa namna ulivyosemwa: mwandishi akizungumza kwa uhakika, hatari huonekana ndogo, akisitasita, njia yenyewe huonekana haifai. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwandishi ni kuhakikisha kwamba uhakika wa sauti yake hauzidi ushahidi alionao.

Anza na vitenzi. Pitia rasimu yako na uweke alama kwenye kila sentensi inayoamrisha, kama vile "Acha kazi" au "Usiwasikilize wanaokukatisha tamaa." Amri inafaa kwa hatua ambayo msomaji akikosea anaweza kuirudia bila hasara kubwa, kwa mfano kuandika bajeti au kumtafuta mtu aliyekwisha kuifanya kazi hiyo. Kwa hatua isiyotenguka kirahisi, igeuze sentensi iwe ya masharti, na masharti yenyewe yawe ya kuhesabika: "Ukiwa na akiba ya kukutosha miezi 6, na ikiwa hakuna anayetegemea mshahara wako peke yake, unaweza kuanza kufikiria kuacha kazi." Wahariri wengine watalalamika kwamba sentensi ya aina hiyo inakipoza kitabu. Inakipoza kweli, lakini humpa msomaji kitu cha kujipimia, na hilo amri haiwezi kulifanya.

Uangalifu mkubwa zaidi unahitajika katika hadithi za waliofanikiwa, kwa sababu majigambo huingia humo bila mwandishi kuyaona, hasa hadithi inapokuwa yake mwenyewe. Mwamba ngoma huvutia kwake. Chukua mfano ambao vitabu hivi vimeutumia hadi ukachakaa, wa Bill Gates aliyeondoka Harvard mwaka 1975. Ukiusimulia kwa toni ya ushujaa, utabaki na kijana jasiri aliyekipa chuo kisogo. Ukiusimulia kwa toni ya uchunguzi, utalazimika kuongeza kwamba shule yake ya sekondari ya Lakeside, huko Seattle, ilikuwa na kituo cha kuwasiliana na kompyuta tangu mwaka 1968, wakati ambapo shule nyingi hazikuwa na kitu cha namna hiyo, kwamba baba yake alikuwa mwanasheria, na kwamba mwaka huohuo wa 1975 yeye na Paul Allen, mwenzake aliyeanzisha naye Microsoft, walikwisha kupata mteja wa programu waliyoiandika. Hakuna kilichopunguzwa katika ujasiri wake. Kilichobadilika ni kwamba msomaji sasa anaweza kujiuliza ni kipi kati ya hivyo anacho yeye.

Toni hiyo ya uchunguzi ina faida nyingine: humkumbusha mwandishi watu wasioonekana. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwanatakwimu Abraham Wald alichunguza takwimu za matundu ya risasi kwenye ndege za Marekani zilizorejea kutoka vitani, na hoja yake ilizingatia kwamba ndege zilizodunguliwa hazikuwamo katika hesabu. Vivyo hivyo, walioacha chuo wakashindwa hawaandiki vitabu vya ushauri, wala hawaalikwi kutoa hotuba. Ikiwa huna habari zao, sema hivyo waziwazi mara moja, mahali panapoonekana, badala ya kutawanya "labda" na "huenda" katika kila ukurasa, kwani tahadhari zikizidi msomaji huziruka zote, ikiwamo ile iliyomhusu.

Kuhusu dharau sina mashaka: iondoe. Waandishi wengi wa aina hii huwaita walioajiriwa watumwa wa mshahara au watu walioogopa kuota, na kwa muda mfupi lugha hiyo humfanya msomaji ajione mteule. Lakini hao wanaodharauliwa ni mwenzi wake, kaka yake na rafiki zake, yaani watu ambao mpango ukikwama atahitaji kulala kwao au kuwakopa. Mzaha unaruhusiwa, mradi umwelekee mwandishi mwenyewe.

Rasimu ikiisha, mpe mtu aliyejaribu njia unayoipendekeza na haikumfaa. Mwombe aisome kwa sauti mbele yako, na uweke alama pale anaposita, anapocheka bila furaha au anapotaka kueleza kwa nini kwake mambo yalikwenda kinyume. Maelezo hayo yaandike, kisha, kwa idhini yake, yaingize katika sura husika, mahali palepale aliposimama, bila kuyajibu.