Somo: Ofisi iko Nairobi, mfanyakazi yuko Dar au Kampala

Kampuni nyingi za hapa mjini zikishapata wateja wa kutosha, kinachofuata ni kutafuta mtu wa mauzo Kampala au fundi wa programu Dar es Salaam. Kumpata si kazi. Kazi inaanza pale meneja anapochukua mkataba ule ule anaowapa watu wake wa Westlands, akabadilisha jina na mshahara, akautuma usainiwe. Karibu kila kesi ninayoletewa mezani inaanzia kwenye karatasi hiyo. Sheria ya ajira hufuata mahali kazi inapofanyika, na kuandika chini kabisa kwamba "mkataba huu unatawaliwa na sheria za Kenya" hakumnyang'anyi mtu wa Dar haki ambazo sheria ya kwao inampa.

Nitashika Tanzania na Uganda, maana ndiko wengi wetu tunakoanzia.

Hatua ya 1: Amua kama ni mwajiriwa au mkandarasi, na uwe mkweli

Njia inayopendwa ni kumwita konsalti. Hakuna makato, hakuna likizo, analeta ankara mwisho wa mwezi, unamtumia pesa, basi. Kama kweli ana wateja wengine, anatumia vifaa vyake na anajipangia saa zake, hakuna ubaya.

Lakini itazame Tanzania. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 imeorodhesha dalili za ajira: unamwelekeza namna ya kufanya kazi, unampangia saa, ni sehemu ya taasisi yako, amekufanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita, anakutegemea kiuchumi, unampa vifaa, hana mwingine anayemfanyia kazi isipokuwa wewe. Dalili moja tu ikipatikana, mtu huyo anahesabiwa kuwa mwajiriwa, na ni juu yako kuthibitisha kwamba siyo. Saa 45 kwa mwezi, si kwa wiki. Hata mtu wa nusu siku anazipita.

Sasa mfikirie kijana wa Kinondoni anayeingia kikao kinachoanza saa mbili na nusu kila asubuhi, ana laptopu ya kampuni, barua pepe ya kampuni, na akitaka kwenda kumwona daktari anaomba ruhusa Nairobi. Ankara yake imeandikwa "huduma za ushauri". Siku mkikosana, hakuna atakayehangaika na kichwa cha ankara.

Hatua ya 2: Amua nani atakuwa mwajiri kisheria

Unaweza kusajili tawi au kampuni tanzu, kupitia wasajili wa kampuni, BRELA kwa Tanzania au URSB kwa Uganda. Unaweza pia kutumia kampuni ya kule ambayo inamwajiri kwa niaba yako, inalipa kodi na michango, kisha inakutoza gharama na ada yake. Kwa mtu mmoja au wawili njia hii ya pili ina nafuu, ila usisaini kabla ya kuona leseni ya hiyo kampuni na kuuliza wakili wa huko kama mtindo wake unakubalika.

Jambo moja wenye kampuni hulipuuza: mtu wa mauzo akianza kusaini mikataba na wateja kwa jina lako, mamlaka ya kodi ya nchi ile inaweza kusema kampuni yako tayari inafanya biashara pale, na kudai kodi ya faida. Mpe mipaka kwa maandishi. Ajadiliane, lakini sahihi iwe ya Nairobi.

Hatua ya 3: Andika mkataba upya

Anza na saa. Amri ya jumla ya mishahara ya Kenya inaruhusu saa 52 kwa wiki. Tanzania mwisho ni 45, zaidi ya hapo ni ovataimu inayolipwa si chini ya mara moja na nusu, na ovataimu yenyewe haizidi saa 50 kwa wiki nne. Uganda ni saa 48.

Likizo ya mwaka inachanganya watu. Kenya ni siku 21 za kazi. Tanzania ni siku 28, na mwenye kampuni akiona 28 anashtuka. Hizo 28 ni za mfululizo, Jumamosi, Jumapili na sikukuu zikiwemo, kwa hiyo anayefanya kazi siku tano kwa wiki anapata kama siku 20 za kazi. Mwenzake wa Nairobi anamzidi kidogo.

Panapotofautiana hasa ni ugonjwa. Sheria yetu ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi, baada ya miezi miwili kazini, angalau siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara kwa mwaka. Tanzania inampa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Nimeona barua ya onyo aliyoandikiwa mtu wa Arusha kwa "kumaliza siku zake za ugonjwa" akiwa amelala siku 15. Barua kama hiyo ndiyo inayokuwa kielelezo cha kwanza dhidi yako.

Uzazi: Kenya miezi mitatu, Tanzania siku 84 (100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja), Uganda siku 60 za kazi.

Mshahara wa chini usiuchukulie poa. Tanzania unapangwa kwa sekta, kwa hiyo tafuta amri ya sekta yako. Uganda kiwango kilichomo vitabuni ni shilingi 6,000 kwa mwezi tangu 1984, yaani hakikusaidii kitu, fuata soko.

Hatua ya 4: Makato ya kule, si ya huku

Kuna kampuni iliyomkata mtu wa Mwanza asilimia 2.75 ya SHIF (mfuko wa bima ya afya wa Kenya) na asilimia 1.5 ya ada ya nyumba, kila mwezi, kwa sababu programu ya mishahara ilikuwa imesetiwa hivyo. Mtu huyo hatatibiwa kwa kadi ya SHA, mamlaka inayosimamia mfuko huo, na nyumba ya Kenya haimhusu.

Kampala, mshahara ukiwa shilingi 1,500,000 za Uganda, NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inakata 75,000 kwa mfanyakazi na wewe unaongeza 150,000. Gharama yako ni 1,650,000, na PAYE, kodi ya mshahara, inatoka upande wa mfanyakazi. Vyote hivyo viwe vimefika kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata kupita.

Dar, mshahara wa 1,200,000 za Tanzania: NSSF asilimia 20 kwa jumla, kwa kawaida nusu kwa nusu, yaani 120,000 kila upande. Ongeza asilimia 0.5 ya mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, 6,000, ambayo ni yako peke yako. Tozo ya kuendeleza ujuzi inakuhusu ukifikisha wafanyakazi 10. PAYE ni kabla ya tarehe 7 kupita, na hapa wahasibu wetu waliozoea tarehe 9 ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, huchelewa siku mbili kila mwezi, faini juu ya faini.

Hatua ya 5: Panga namna ya kuachana mkiwa bado mnapatana

Nchi zote tatu zinataka sababu ya haki na utaratibu wa haki. Kumtoa mtu kwenye kundi la WhatsApp na kumfungia barua pepe si utaratibu. Mweleze kosa kwa maandishi, mpe muda wa kujibu, mwite kikao akiwa na mtu wake wa kumsindikiza, kisha uamue. Kikao kwa video ni sawa mradi kuna kumbukumbu zilizosainiwa.

Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28 Kenya na Tanzania. Uganda inakua na miaka: wiki mbili kati ya miezi sita na mwaka, mwezi mmoja hadi miaka mitano, miezi miwili hadi kumi, halafu mitatu. Tanzania kuna pia kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10, kwa aliyemaliza angalau mwaka na hakufukuzwa kwa utovu wa nidhamu. Sisi tumezoea kulipa siku 15 kwa mwaka pale tu nafasi inapofutwa, kwa hiyo hesabu hii huwa haimo kwenye bajeti.

Mfanyakazi wa Tanzania anayedai kuachishwa isivyo halali ana siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ukiona wito, usiuweke kando hadi mwisho wa mwezi. Shauri litaendeshwa kwa Kiswahili, basi tuma mtu ambaye hatababaika.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Industrial Area:* Mwalimu, mimi nina mtu mmoja tu Kampala. NSSF ya Uganda si ni kuanzia watu watano?

Ilikuwa hivyo. Mabadiliko ya 2022 yameondoa kiwango hicho. Mwajiri wa mtu mmoja pia anachangia.

*Mwanachama, Kilimani:* Madam, hapa tunawapa akina baba wiki mbili. Tanzania naambiwa ni siku tatu na Uganda nne. Naweza kuwapa wote wiki mbili?

Unaweza, na ningekushauri ufanye hivyo. Sheria imeweka kima cha chini. Usichopaswa kufanya ni kuchukua kidogo cha huku na kidogo cha kule ili kila mtu apate pungufu.

*Mwanachama, Thika Road:* Majaribio ya miezi sita Dar, naweza kumtoa bila maelezo?

Kinga dhidi ya kuachishwa isivyo halali haimhusu aliye chini ya miezi sita, kweli. Lakini notisi inabaki, marufuku ya ubaguzi inabaki, na mkataba wenyewe unabaki. Andika tathmini kila mwezi, hata ya nusu ukurasa. Kampala majaribio ni miezi sita, yanaongezwa kwa ridhaa yake yasizidi 12 kwa jumla, na notisi ni siku 14.

*Mwanachama, Upper Hill:* Na nikimpeleka Mkenya wangu akakae Dar?

Hiyo ni habari nyingine. Atahitaji kibali cha kazi na kibali cha ukaaji kabla hajaanza, awe mwana Afrika Mashariki au asiwe. Ndiyo sababu nasema ajiri wa kule kwanza.

*Mwanachama, Rongai:* Dada, mimi niko upande wa pili. Nafanyia kampuni ya Marekani nikiwa nyumbani, mkataba unasema wanaweza kuniachisha wakati wowote bila sababu. Ni kweli?

Huo ni utaratibu wa kwao. Kama kwa uhalisia wewe ni mwajiriwa na kazi unaifanyia Kenya, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinataka usikilizwe, na mahakama ya ajira inaweza kukupa fidia ya hadi mishahara 12 ya mwezi. Ugumu wako utakuwa kuwapata ikiwa hawana ofisi wala mali hapa. Weka mikataba, meseji za maelekezo na taarifa za benki mahali pasipo kwenye akaunti ya kampuni.

*Mwanachama, Embakasi:* Nilishasaini na mtu wa Kampala mwezi uliopita, kwa karatasi ya Nairobi. Nifanye nini sasa?

Mwandikie mkataba mpya unaofuata sheria ya Uganda, tarehe yake ya kuanza kazi ibaki ile ile, na usipunguze chochote ulichokwisha kumwahidi. Lipa michango ya NSSF ya mwezi uliopita pamoja na ya mwezi huu. Kama ulimkata SHIF na ada ya nyumba, mrudishie kwenye mshahara ujao, ionekane kwenye hati yake.