Fo wili kuukuu inalia chini: tafuta mlio kabla hujanunua difu

Ukisema tu gari inavuma chini, kabla hujamaliza kuongea ushaambiwa difu (gia za katikati ya ekseli zinazogawia tairi nguvu) imekufa. Inawezekana kweli, ila kwenye gari ya chesisi (fremu ya chuma chini ya bodi) mlio unasafiri, cha nyuma unakisikia mbele na cha mbele unakisikia chini ya siti ya nyuma, kwa hiyo sikio peke yake mi siliamini. Utaratibu huu ni wa gari zenye propela mbili (shafti zinazopeleka nguvu kwenye difu ya mbele na ya nyuma), Land Cruiser, Prado, Patrol na Land Rover za zamani.

Hatua ya 1: oili
Fungua nati ya kujazia kwanza, ndio uguse ya kumwagia. Ya kujazia ikigoma na ushamwaga, gari hiyo haitoki hapo. Oili ikiwa kama maziwa maji yameingia, na hapa Dar waliokatiza Jangwani siku ya mafuriko wanajikuta hapo sana. Uji wa kijivu kwenye sumaku ni kawaida, vipande vya chuma sio kawaida. Difu weka oili ya gia 80W-90 ya daraja la GL-5, ila gia boksi fuata kitabu chake, GL-5 sio ya kila gia boksi.

Hatua ya 2: barabarani
Nenda asubuhi mapema, Barabara ya Bagamoyo ukishapita Bunju, kwenye foleni hutosikia kitu. Fikisha spidi ambayo gari inalia, weka nyutro uiache iserereke. Mlio ukiendelea vile vile, injini na klachi zisamehe. Alafu kanyaga mafuta, achia, kanyaga tena: difu mara nyingi inabadilisha sauti hapo, tairi na beringi za habu (kitovu cha tairi) hazijali mguu wako. Yumbisha gari kidogo kushoto na kulia, ukikata kulia uzito unahamia kushoto, mvumo ukizidi mtuhumiwa ni beringi ya kushoto. Ukikata usukani mpaka mwisho ikalia ka-ka-ka, hiyo ni sivii joint, kiungo cha ekseli ya mbele kinachojikunja na usukani.

Kile kilio cha kwi-kwi-kwi gari ikienda taratibu ni krosi ya propela, kile kiungo cha msalaba kwenye ncha yake. Difu ikiwa ya 4.1, tairi ikizunguka mara 1 propela inazunguka mara 4 na kidogo, kwa hiyo kwi-kwi inaenda haraka kuliko tairi. Jiwe lililonasa kwenye tairi linagonga mara moja kila mzunguko, ndio utofauti wake. Na ikigonga "ko!" ukisimama au ukiondoka kwenye Land Cruiser, kabla ya yote pampu grisi kwenye ile sehemu ya propela inayoteleza, pampu chache tu, ukiijaza sana propela inashindwa kujifupisha.

Hatua ya 3: toa propela
Hapa ndo watu wanaruka na hapa ndo pesa inapotea. Juzi tu nimesaidia jamaa mwenye Prado, ameshafungiwa difu ya mtumba ya nyuma na mlio uko pale pale, tukatoa propela ya nyuma nusu saa tukapata jibu.

Kwanza piga alama ya tindo au rangi kwenye flenji zote mbili (sahani za bolti kwenye ncha za propela) na kwenye mteleza, irudi kama ilivyokuwa, la sivyo utatengeneza mtetemo mpya uanze kuutafuta nao. Bolti za Land Rover za zamani ni spana 9/16, usilazimishe 15 utazichubua. Ukikuta propela imezama ndani ya transfa (boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma) bila flenji, andaa kitu cha kuziba maana oili itamwagika.

Kabla hujalegeza bolti hata moja weka magogo kwenye tairi, na hapa sikutanii. Gari ya fo wili muda wote ukitoa propela moja, weka P, weka gia, itateremka tu kama difu ya kati, ile ya ndani ya transfa, haijalokiwa. Na Land Rover Defender na Discovery za zamani handbreki yake iko kwenye transfa inashika propela ya nyuma, ukiitoa huna handbreki. Kuna Discovery zilitoka bila lever ya kulok difu ya kati, hizo usiendeshe na propela moja kabisa.

Kwenye Prado yenye lever weka HL (hapo difu ya kati imelokiwa), endesha na propela iliyobaki. Kwenye zile za 2H (nyuma tu inavuta) na 4H (mbele na nyuma) ukitoa ya nyuma lok habu, weka 4H, gari inavutwa na mbele. Upande wa mbele ni rahisi zaidi kama una habu za mkono, zile unazozigeuza mwenyewe kwenye tairi ya mbele (ndio maana mi nazipenda kuliko za otomatiki): uko 2H, endesha zikiwa LOCK, alafu FREE. Ikilia kwenye LOCK ikanyamaza kwenye FREE, shida iko kwenye difu, propela au ekseli za mbele.

Sasa kusoma jibu. Ukitoa propela difu bado inazunguka, tairi zinaizungusha, ila haibebi mzigo. Mlio ukiisha kabisa shuku propela na krosi zake. Ukipungua au ukibadilika sauti, hapo difu ina kesi, hasa beringi za pinioni, ile gia ya difu inayozungushwa na propela. Usipobadilika hata kidogo, iwe umetoa ya nyuma au ya mbele, ni tairi, beringi za habu, au transfa na gia boksi. Prado ya jamaa haikubadilika.

Hatua ya 4: jeki
Stendi chini ya ekseli, sio chini ya chesisi, ekseli ikining'inia propela inakaa pembe mbaya na krosi italia hata kama haina ubovu. Usiwashe gari ukaingiza gia tairi moja tu ikiwa juu, itaruka kwenye jeki. Zungusha tairi kwa mkono, mkono mwingine ushike koili springi. Beringi ikiwa nzima hutohisi kitu. Iliyokufa utaihisi inasaga mpaka kwenye vidole, na kwa jamaa ilikuwa kushoto nyuma.

Hatua ya 5: spea
Krosi nunua yenye nipo ya grisi, zilizozibwa zikikauka ndo basi. Beringi chukua na sili yake siku hiyo hiyo, usirudishe sili ya zamani. Difu ya mtumba izungushwe kwa mkono hapo hapo dukani kabla hujatoa hela, ikikwaruza iache. Ukirudisha propela kaza, tembea nayo kidogo mtaani, kaza tena.