Modemu ya kuweka mbele ya faiawali ukiwa Marekani: chukua isiyo na Wi-Fi

Ndugu zangu wa Kisumu, Nakuru, Kakamega na kwingineko mnaoishi Marekani, ikiwa mmenunua faiawali ya nyumbani, yaani kifaa kinacholinda mtandao wenu, iwe kompyuta ndogo yenye programu ya pfSense au OPNsense, basi modemu mtakayoiweka mbele yake iwe modemu tupu. Narudia: modemu tupu, isiyotoa Wi-Fi na isiyogawa anwani za IP. Sanduku linalofanya kazi ya modemu na ya rauta (kifaa kinachogawa intaneti nyumbani) kwa pamoja ndilo lililonitesa, na ndilo ambalo kampuni yenu ya kebo itawaletea msipotamka neno.

Nilikodishiwa sanduku hilo nikihakikishiwa kwamba likiwekwa katika hali ya daraja, yaani likipitisha intaneti tu bila kufanya kazi ya rauta, litaipa faiawali yangu anwani ya umma, inayofikika kutoka nje, moja kwa moja, na kwa muda lilifanya hivyo. Kisha kampuni ikasasisha programu ya sanduku kutoka kwake, hali ya daraja ikazimika, na sanduku likarudia kazi ya rauta bila mimi kuarifiwa. Intaneti haikukatika, na ndiyo sababu mtego huu ni mbaya: kurasa zinafunguka, watoto wanatazama video, kumbe faiawali imepewa anwani ya ndani na hakuna kinachoweza kuifikia kutoka nje. VPN, ile njia ya siri ya mtandao iliyounganisha nyumba yangu na ya wazazi kule Kisumu ilikufa, picha za kamera ya geti zikakoma, na kila nilipopiga simu mhudumu alishikilia kwamba hitilafu iko Kenya.

Haikuwa Kenya. Mnajua wenyewe kwamba laini nyingi za faiba za majumbani kwetu hutumia anwani ya umma inayoshirikiwa na wateja wengi, kwa hiyo huwezi kuibisha hodi nyumba ya Kisumu kutoka nje. Nyumba ya Kisumu ndiyo inayopaswa kuanzisha mawasiliano na kuitafuta ya Marekani, na ikiwa ya Marekani nayo imefichwa nyuma ya rauta ya kampuni, pande zote mbili zinabaki zikingojeana.

Kwa hiyo kabla ya kugombana na fundi wa nyumbani, fungua ukurasa wa faiawali na usome anwani iliyo upande wa WAN, yaani upande unaoelekea intaneti. Ikianza na 10, au 192.168, au ikiwa kati ya 172.16 na 172.31, kuna rauta nyingine mbele yako (isipokuwa 192.168.100, nitakayoieleza chini). Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, kampuni yenyewe inakushirikisha anwani na wengine, na hapo modemu mpya haitasaidia. Omba anwani ya umma. Rudia ukaguzi huu kila baada ya intaneti kukatika na kurudi, hata kama kila kitu kinaonekana sawa. Nasisitiza hata kama kinaonekana sawa, kwa sababu mimi nilidanganywa na huko kuonekana sawa.

Dukani, modemu tupu hujulikana kwa macho: ina tundu la waya mnene wa kebo, tundu moja au mawili ya Ethernet, na basi. Ukiona Wi-Fi imeandikwa kwenye kasha, lirudishe rafuni, hata kama muuzaji anaapa kwamba huzimwa. Kampuni itaendelea kusasisha programu hata ya modemu uliyoinunua mwenyewe, kwa maana mtandao wa kebo ndivyo ulivyoundwa, lakini modemu tupu haina rauta ndani yake ya kurudia.

Chagua ya DOCSIS 3.1 (kiwango cha modemu za kebo) iliyo kwenye orodha ya modemu zilizoidhinishwa na kampuni yako. Isiyo kwenye orodha huenda ikakataliwa. Epuka za zamani zenye chipu ya Intel Puma 6, kama ARRIS SB6190 na Netgear CM700, ambazo zilijulikana kwa kuchelewesha data kwa vishindo vya ghafla. Bado zinauzwa mitumba kwa bei ya kuvutia, na ukishaiweka moja mbele ya faiawali utailaumu faiawali bure. ARRIS SB8200 na Motorola MB8611 ni modemu tupu za DOCSIS 3.1, na hiyo ya pili ina tundu la gigabiti 2.5. Ikiwa una simu ya mezani kwenye kebo hiyohiyo, utahitaji modemu yenye tundu la simu. Aliye kwenye faiba hahitaji modemu ya aina hii kabisa.

Kuifunga ni kazi ndogo: waipa kampuni namba ya MAC (namba ya utambulisho wa kifaa) iliyo chini ya modemu, wangoja iwashwe. Ukihamisha waya kutoka kifaa kingine kwenda kwenye faiawali, zima modemu na uiwashe upya, kwa kuwa hukumbuka kifaa cha kwanza kilichochomekwa kwake. Tena, mawimbi yakipotea, baadhi ya modemu huipa faiawali anwani ya muda inayoanza na 192.168.100; kwa hiyo katika pfSense agiza anwani zitokazo 192.168.100.1 zikataliwe.

Binamu zetu wanaoomba tuwatumie modemu kuukuu za huku, tuwaeleze kwa upole kwamba nyumba iliyofungiwa faiba haina waya wa kuichomeka. Na wajomba wanaouliza kwa nini tununue kifaa ilhali kampuni inatoa, wajue kwamba haitoi, inakodisha. Marekani ni nchi ambayo watu wamezoea kukodi kitu miaka na miaka bila kuuliza bei yake dukani, na sioni sababu ya sisi kuiga hilo. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba hakuna kaunta ya kukaa mpaka shida itatuliwe kama tunavyofanya Oginga Odinga Street kule Kisumu. Kuna simu, na anayeipokea anasoma maandishi aliyopewa. Hata hivyo, sheria ukiitaja husikilizwa. Tangu Desemba 2020, sheria ya shirikisho inakataza kampuni ya intaneti kukutoza ada ya kukodi kifaa ulichokirudisha au ambacho haikukupa. Basi rudisha sanduku lao mwenyewe kwa mkono, dai risiti yenye namba ya kifaa, ipige picha, na usome bili inayofuata mstari kwa mstari, kwa sababu ada hiyo hupenda kubaki pale.