Kabla hujaandika kwamba Locke alimfundisha Nyerere

Kwenye tasnifu yangu ya uzamili niliandika sentensi niliyoipenda mno: kwamba Mwalimu Nyerere alichota usawa wa binadamu kwa John Locke, mwanafalsafa wa Uingereza wa karne ya 17. Msimamizi akaizungushia wino mwekundu, pembeni akaandika: "Alimsoma lini?" Jibu sikuwa nalo. Nikarudi Isevya, hapa Tabora, nikakaa chini ya mwembe wa mama mwenye nyumba na kaunta buku mpya, nikaanza upya. Ninayokueleza hapa ni kazi ya raundi hiyo ya pili.

Anza na tarehe, na usiiamini ya jaladani. Kitabu cha Locke cha hoja mbili juu ya serikali kina 1690 jaladani, lakini kilitoka mwishoni mwa 1689, tena bila jina la mwandishi. Locke alikuja kukiri waziwazi ni chake kwenye nyongeza ya wasia, mwaka aliokufa, 1704. Kwa muda mrefu wasomi walikisoma kama utetezi wa mapinduzi ya Uingereza ya 1688 yaliyomng'oa mfalme. Kisha Peter Laslett wa Cambridge, katika toleo lake la 1960, akaonyesha kwamba sehemu kubwa iliandikwa miaka kadhaa kabla ya mapinduzi hayo. Maana yote ikageuka. Yaliyokuwa maneno ya kumpamba mshindi yakawa maneno ambayo yangeweza kumtia mtu kitanzini. Kwa hiyo piga safu mbili daftarini: mwaka wa kuandikwa na mwaka wa kuchapwa. Machiavelli, mwandishi wa Italia, aliandika juu ya watawala mwaka 1513. Kitabu kikachapwa 1532, yeye akiwa kaburini miaka mitano.

Halafu mtafute anayejibiwa. Hoja ya kwanza ya Locke yote inambomoa Robert Filmer, aliyedai mfalme amerithi mamlaka ya ubaba tangu Adamu. Wengi huiruka. Sisi tunaomwita rais wa kwanza Baba wa Taifa tuisome polepole, maana Locke hakubali kabisa kwamba mamlaka ya baba na ya mtawala ni kitu kimoja: baba humlea mtoto mpaka apate akili zake, basi.

Vitabu vyenyewe havina shida. Hiki, na Leviathan ya 1651 ya Thomas Hobbes, Mwingereza mwingine aliyeandika juu ya utawala, vinapakuliwa bure. Nunua bando la usiku. Ila chagua toleo lenye utangulizi wa mhariri.

Sasa nyayo za wazo lenyewe. Zifuate kwa kurudi nyuma, ukianzia kwetu. Ibara ya 12 ya Katiba ya 1977 inasema: "Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa." Mkono utakuwasha kuandika jina la Locke. Utulize. Ibara za haki ziliingizwa kwa mabadiliko ya 1984, na Ibara ya 9 inalitaja kwa jina Tangazo la Dunia kuhusu Haki za Binadamu. Hilo ni la 1948, na ibara yake ya kwanza inasikika sana kama ya kwanza ya Tangazo la Ufaransa la 1789. Locke yuko nyuma ya hapo, kama babu ambaye hakuna mjukuu aliyemwona. Kila kituo kiandikie ushahidi wake. Pasipo na ushahidi weka alama ya kuuliza na upaache hivyo.

Nyerere alisoma Edinburgh 1949 hadi 1952, kwa hiyo huenda alikutana na vitabu hivi. Neno "huenda" nalo lipe safu yake daftarini. Katika kijitabu chake cha 1962 juu ya ujamaa, mwenyewe anaonyesha jamaa na ukoo kuwa shina. Mtu akikutajia chanzo chake, anzia hapo, hata kama humwamini.

Ukiona mfanano, upime hapa hapa mjini. Locke anasema hata anayepita tu barabarani ameridhia serikali ya nchi ile kimyakimya. Januari 1958 mkutano wa TANU Tabora ulibishana juu ya kura tatu, yaani kila mpiga kura kulazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja: ukishiriki uchaguzi usioupenda, umeuridhia? Swali lile lile, na Locke hakuhitajika ukumbini. Kura tatu zenyewe zilitosha kuwakereketa.

Sentensi yangu moja ikawa aya tatu na alama nne za kuuliza. Msimamizi akaweka vema, na chini yake akaandika jina la mwanafalsafa mwingine: "Na Rousseau?"