SOMO: Kufunga hema la ubavuni kwenye trela ndogo ya kambi bila kuacha mwanya

Wakuu, salaam.

Wiki hii pekee nimeulizwa mara nne: "Hema langu linaacha mwanya kati yake na trela, nifanyeje?" Nimechoka kujibu vipandevipande, kwa hiyo naweka yote hapa. Atakayeuliza tena nitamrudisha huku, asinune.

Ninalozungumzia ni hema linaloshikwa na trela yenyewe. Pindo lake la juu limeshonewa ugwe ndani, na ugwe huo unapita kwenye reli ya alumini iliyofungwa ukutani. Mwenye hema linalosimama lenyewe, likasogezwa tu karibu na trela, somo lake ni jingine.

Na niseme mapema: mara nyingi mwanya hausababishwi na hema. Husababishwa na trela ambayo haijatulia.

1. Egesha trela, upande wa hema ukiupa upepo kisogo.

2. Kabla hujaitoa kwenye gari, isawazishe kulia na kushoto kwa pima maji. Gurudumu lililo chini lipandishe kwenye ubao.

3. Weka kabari, kaza breki, toa gari, kisha sawazisha mbele na nyuma kwa kigurudumu cha mbele.

4. Shusha miguu ya kona, yote minne. Hapa ndipo nilipoungua, kwa hiyo nivumilieni.

Safari yangu ya tatu nilifika giza limeshaingia na mvua inanukia. Miguu nikaiona kero, nikasema nitaishusha asubuhi. Nikafunga hema, nikavuta kamba mpaka turubai likawa linalia kama ngoma ukiligonga. Tukaingia kulala watu watatu. Springi zikakaa chini kiasi cha upana wa vidole vitatu, reli nayo ikashuka, na paa lililokuwa limekaza likafanya bonde. Mvua ikaja saa nane usiku, maji yakajaa bondeni. Lita moja ya maji ni kilo moja. Piga hesabu ya ndoo mbili za lita 20 zikining'inia kwenye mshono mmoja. Alfajiri mwenzetu mmoja akatoka kujisaidia, trela ikapanda kidogo, ikalivuta turubai na mzigo wake wote. Nikasikia "trrr". Mshono wa ugwe ulifumuka urefu wa mkono mzima, maji yakaishia kwenye viatu na mablanketi.

Kwa hiyo:
– Shusha kila mguu mpaka uguse, kisha ongeza nusu mzunguko. Basi.
– Miguu hii ni ya kutuliza trela, SIYO jeki. Ukiinulia trela nayo utaipinda, au utaupinda mwili wa trela.
– Udongo laini? Weka kipande cha ubao chini ya kila mguu.
– Ingiza mizigo mizito ndani kwanza, ndipo ukaze hema.
– Ingia, rukaruka kidogo. Trela ikitikisika, hujamaliza hatua hii.

5. Safisha reli. Pitisha kitambaa kilicholowa, kisha sugua mshumaa kwenye ugwe wote. Usipake mafuta ya kula wala grisi. Yananasa vumbi, na vumbi ndilo linalokwamisha ugwe. Mdomo wa reli ukiwa na ncha kali, ulainishe kwa tupa ndogo, la sivyo utakukatia turubai polepole bila wewe kujua.

6. Ingiza ugwe, watu wawili. Mmoja anavuta, mwingine anasimama mdomoni mwa reli akilisha turubai likiwa limenyooka. Ukikwama usivute kwa hasira. Rudi nyuma kidogo, nyoosha mkunjo, endelea.

7. Simamisha fito, ya katikati kwanza. Usikaze bado.

8. Ziba mbavu. Kazi ya reli inaishia juu. Pembeni hema linagusa tu ukuta, na ukuta wa trela una mapindo, dirisha, taa. Hapo unahitaji sponji nene kati ya pindo la hema na ukuta, na fito ya wima inayoligandamiza kutoka ndani. Sponji liwe jepesi kubonyea, lijaze mabonde yenyewe. Ukiona mwanga wa nje kwa jicho, mvua nayo itapaona.

9. Vigingi: anza na vya kona zilizo karibu na trela, halafu vya mbali. Vichwa vya vigingi viinamie nje, mbali na hema. Sasa ndipo ukaze fito na kamba, upande mmoja kidogo, mwingine kidogo. Paa literemke kuelekea nje, lisilale.

10. Chini ya trela funga pazia la upepo. Bila hilo, utaziba juu na pembeni halafu baridi ikuingilie miguuni.

MASWALI

Jembe: Mkuu, langu linaacha mwanya upande wa nyuma tu. Tatizo nini?

Jibu: Miguu umeshusha?

Jembe: Miguu gani?

Jibu: Hatua ya 4. Isome, halafu urudi.

Mzoefu wa Njia: Haya mambo ya reli ni kujichosha. Mimi nabandika kwa sumaku, dakika mbili nimemaliza.

Jibu: Trela yako ina ukuta wa chuma, ndugu. Nyingi ni alumini au faiba, na hapo sumaku itadondoka chini ikuache unaitazama. Halafu sikusema reli ndiyo njia pekee; nimesema ndiyo ninayoieleza.

Mama Kambi: Asante kwa somo. Trela yangu ina umbo la tone, paa limepinda kutoka mbele hadi nyuma, na haikuja na reli. Je, reli inaweza kufuata pindo? Na nikitoboa ukuta, maji hayataingia?

Jibu: Dada, hili ni swali la mtu aliyeiangalia trela yake. Pindo likiwa pole, reli ya alumini inakubali kupindwa kwa mikono, kidogokidogo, ukiiegemeza kwenye kitu cha mviringo. Kabla ya kupinda, ingiza kipande cha ugwe ndani yake ili mfereji usijifinye. Pindo likiwa kali, ziko reli za plastiki laini zinazofuata umbo. Chora kwanza pindo la paa kwenye boksi, ulikate, ulijaribishe ukutani. Boksi likikosewa unakata jingine. Halafu fungua mlango kabisa uone haugusi mahali reli itakapopita. Hilo wengi hulikumbuka wameshatoboa.

Kuhusu maji: chini ya reli yote laza utepe wa butili, yaani mpira laini unaonata, na kila skrubu ipite ndani yake. Butili haigandi ikawa ngumu, kwa hiyo trela ikitikisika barabarani yenyewe inanyumbulika. Silikoni ya kawaida siipendi hapo. Siku ukitaka kurudia kazi, mabaki yake hayakubali kitu kingine kishike. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Mama Kambi: Na ugwe wa hema ukiwa mwembamba kuliko reli?

Jibu: Utachomoka upepo wa kwanza. Pima unene wa ugwe na upana wa mfereji kabla ya kununua chochote. Ukishanunua tayari, tafuta mpira mrefu wenye umbo la nane: kichwa kimoja kinaingia kwenye reli, kingine kinashika ugwe wa hema.

Kijana wa Juzi: Mwanya ukishazibwa wote, si naweza kuweka jiko la mkaa ndani tupate joto?

Jibu: HAPANA. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na hata makaa yaliyofifia bado yanaitoa. Watu hulala wasiamke. Vaa sweta. Na matundu ya hewa ya hema usiyazibe kwa sponji.

Fundi Turubai: Naongezea. Hema la pamba likilowa linajikaza, kwa hiyo legeza kamba kidogo mvua ikianza. La nailoni hufanya kinyume, linalegea. Na msilikunje bichi mkalisahau, litaota ukungu.

Jibu: Kweli kabisa. La kwangu la kwanza lilikufa hivyo.

Jembe: Nimerudi. Nimeshusha miguu, mwanya umebaki kama kidole.

Jibu: Sasa tunaongea. Hatua ya 8, ongeza unene wa sponji hapo tu.

Mama Kambi: Mimi nilipokuwa najaribu hema kwa jirani nilipaka rangi ya kucha kwenye ugwe, alama moja ndogo pale panapolingana na ukingo wa mlango. Mara ya pili tulivuta mpaka alama, tukaacha. Hatukuanza tena kusogeza kushoto na kulia.

Jibu: Miaka yote hii nasogeza kushoto na kulia. Rangi gani inadumu?

Mama Kambi: Nyekundu. Paka mara mbili, acha ikauke kabla ya mshumaa.