Jinsi ya kusoma rejea mpaka uipate makala yenyewe

Wadogo zangu wa vyuo vya Ushirika, KCMC na kule Tengeru, supavaiza akisema leta makala tano za jarida usikimbilie katalogi ya maktaba ukaandika kichwa cha makala, mara nyingi haiji. Katalogi inalijua jarida kwa jina lake, makala zilizomo ndani zinatafutwa kwenye databesi, mfano AJOL, imekusanya majarida ya Afrika na mengi unapakua bure.

Sasa rejea. Umekuta kwenye tasnifu ya mtu pameandikwa 58(2), 114–129, usitishike, 58 ni juzuu (kwa majarida mengi juzuu moja ni mwaka mmoja), 2 ya kwenye mabano ni toleo la pili la juzuu hiyo, zinazobaki ni kurasa. Jina lililolazwa kwa italiki kwa kawaida ndo la jarida, sio la makala, hapo watu wanachanganya sana.

Ila sio majarida yote yana juzuu na mengine yanabadilisha mpaka jina. Tanganyika Notes and Records lilianza 1936, baada ya Muungano likaitwa Tanzania Notes and Records na linahesabiwa kwa namba tu, ile namba 64 ya 1965 ndo ya Kilimanjaro, kwahiyo mtu anayeandika historia ya huku kwetu akitafuta jina moja tu nusu ya mzigo inampita. ISSN ni namba ya jarida zima, tarakimu nane, haikupeleki kwenye makala. Inayokupeleka ni DOI, yaani namba ya makala yenyewe, inaanza na 10 halafu nukta, ibandike baada ya doi.org/ na hata tovuti ikihama kwa kawaida utafika.

Ukifika ukadaiwa dola, tulia, usilipe. Muulize mkutubi kama chuo kinaingia Research4Life, inafungua majarida ya kulipia kwa taasisi za nchi kama yetu, ikishindikana mwandikie mwandishi mwenyewe, imeili yake mara nyingi ipo ukurasa wa kwanza na wengi wanatuma tu.

Ikisiri, ule muhtasari mfupi wa mwanzo wa makala, isome kwanza kabla hujamaliza bando kupakua, lakini jamani usinukuu ikisiri ukasema umesoma makala. Na supavaiza akitaka iliyopitiwa na wataalamu, angalia umeshika nini, maana jarida hilohilo lina tahariri na uhakiki wa vitabu, na hivyo kwa kawaida havipiti kwenye mchujo huo.