Anza na Mgongo: Kununua Amplifaya ya Zamani Nairobi

Kabla hujaulizia bei, mwambie muuzaji aigeuze mashine uone mgongo wake. Uso wa risiva, yaani amplifaya yenye redio ndani, ya miaka ya sabini unatia tamaa: bati linalong'aa, vifundo vizito, sindano zinazocheza, taa nyuma ya namba za stesheni. Muuzaji anajua hivyo, ndiyo maana ameupangusa vizuri. Lakini kitakachoamua kama utasikiliza rumba au utanusa moshi kimeandikwa nyuma, kwenye kibati kidogo karibu na mahali waya wa stima unapoingilia.

Stima yetu ni volti 240, hezi 50. Mashine ya soko la Japani imeandikwa AC 100V, ya Marekani 120V. Iliyotoka Uingereza kwa kawaida imeandikwa 240V, na hiyo ndiyo mimi huitafuta. Plagi isikudanganye. Mtu akishakata ile ya miguu miwili bapa na kufunga yetu ya miguu mitatu, utadhani mashine ilizaliwa Industrial Area, kumbe transfoma ya ndani bado inangoja volti 100. Ukiichomeka ukutani, omba fyuzi ife peke yake. Nyingine ziliundwa za kuuzwa nchi nyingi, nazo zina swichi ya kuchagua volti huko huko nyuma. Hakikisha imekaa kwenye 240 kabla ya mtu yeyote kugusa soketi.

Ya volti 100 au 120 inaweza kutumika kwa transfoma ya kushusha umeme, na Luthuli Avenue zipo. Soma wati zilizoandikwa kwenye kibati, ununue transfoma inayobeba angalau mara moja na nusu ya hizo. Shida ni kwamba nyingi hushusha hadi 110, kwa hiyo ile ya Japani tayari umeizidishia asilimia 10 hata kabla stima ya mtaa haijapanda. Na ya Marekani iliyoandikwa 60Hz pekee itapata joto zaidi kwa hezi 50 zetu. Mimi hiyo huiacha hata ikiwa bei ya kutupa.

Kama unataka na redio, tazama namba za FM. Japani walitumia 76 hadi 90, ilhali stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108. Risiva ambayo namba zake zinaishia 90 itakupa kamkia tu ka Nairobi. Ichukue kama amplifaya, na ulipe bei ya amplifaya.

Sasa wati. Kijana wa dukani atakuonyesha wofa mpya yenye kibandiko cha maelfu ya wati PMPO, yaani za kilele cha kufumba na kufumbua, akuulize, "Mathe, hiki kizee chako cha wati 30 utakipeleka wapi?" Mwache aseme. Mwaka 1974 Marekani iliweka kanuni kwamba kampuni zitangaze nguvu ambayo amplifaya inaitoa mfululizo, si ile ya kufumba na kufumbua. Ndiyo maana wati za mashine za baada ya hapo zina ukweli ndani yake. NAD 3020 ya mwaka 1978 iliandikwa wati 20 tu kila upande na watu bado wanaisaka. Mwaka huohuo Pioneer walitoa SX-1980 ya wati 270 kila upande. Nyumba yangu ya Buruburu inagawana ukuta na jirani anayeamka alfajiri kwenda kazini. 270 za nini?

Ukienda kuijaribu, beba multimita ya kupimia umeme, waya wa kutoka simu hadi matundu ya RCA (yale ya mviringo ya kuingizia sauti), na spika mbili kuukuu ambazo hutazililia. Fundi anayejijua haichomeki moja kwa moja. Kwanza huipitisha stima kwenye balbu ya wati 100, ile ya uzi wa ndani, si LED, ndipo ifike kwenye mashine. Balbu ikiwaka sana halafu ikafifia, endelea. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti ndani. Shukuru, uende zako.

Spika zikiwa bado hazijaunganishwa na sauti iko sifuri, washa usikilize. Nyingi zina rilei, swichi ya ndani inayounganisha spika, inayolia "ta!" baada ya sekunde chache. Isipolia kabisa, mashine inajizuia kwa sababu fulani. Ikilia, weka multimita kwenye volti za DC, upime matundu ya spika kila upande. Chini ya milivolti 50 ni sawa. Ukiona volti nzima, usiunganishe spika ya mtu.

Kisha cheza wimbo unaoujua vizuri, na uzungushe kila kifundo. Mikwaruzo ni uchafu tu, dawa ya kusafishia ipo, na hapo ndipo pa kuteremshia bei. Upande mmoja ukipotea na kurudi, mara nyingi ni swichi au rilei chafu. Mngurumo unaobaki hata sauti ikiwa sifuri ni neno zito zaidi: huenda kapasita kubwa, zile zinazotuliza umeme ndani, zimechoka. Iache icheze nusu saa, halafu uguse vyuma vyake vya kupoozea, kulia na kushoto. Joto lilingane.

Mwombe afungue kifuniko. Angalia fyuzi: kama imeviringishwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, kuna aliyekutangulia na hakuwa fundi. Angalia pia kama sauti inatoka kwenye pakiti nyeusi zilizoandikwa STK. Zilizo nzima ziache zilivyo, kwa sababu za kubadilisha sokoni feki ni nyingi.

Mwenye santuri ajaribu na tundu la Phono. Simu usiichomeke hapo. Hilo tundu linangoja milivolti mbili tatu, simu italizidi na sauti itapasuka. Simu ni ya AUX au Tape.

Nyumbani, ichomeke kupitia kile kifaa cha kulinda friji, maana stima ikikatika hurudi na hasira. Soma omu, kipimo cha ukinzani wa spika, karibu na matundu ya spika. Ukiwasha jozi mbili za spika, A na B, pamoja, mashine nyingi zinataka spika za omu 8 au zaidi. Na kile kitambaa cha kufuma kifunike televisheni au kiti. Matundu ya juu ya amplifaya ni ya kupumulia.